Mdoli Aliponyamaza

Binti wa dada yangu alipotimiza miaka mitano nilimnunulia mdoli Kariakoo, mtaa wa Kongo, katika mojawapo ya yale maduka yaliyoning'iniza midoli kuanzia darini hadi mlangoni. Ulikuwa mdoli mzuri. Nywele za dhahabu, gauni la waridi, na kitufe tumboni. Ukikibonyeza unasema. Ulikuwa na sentensi sita, zote za Kiingereza, na kicheko kimoja. Mtoto aliupenda palepale, akakaa nao kibarazani siku nzima akibonyeza. Watoto wa jirani wakaja, wakapanga foleni, kila mmoja akabonyeza kwa zamu yake. Sentensi sita, kicheko. Sentensi sita, kicheko. Siku ya tatu foleni ilikwisha. Siku ya nne mdoli ulikuwa chini ya kochi.

Majuma machache baadaye betri zikaisha. Nilipokwenda tena kwa dada yangu, Tabata, nilimkuta yule mdoli amefungwa kanga, yuko mgongoni mwa mtoto. Sasa alikuwa na jina, Bi Tatu, kwa sababu ndiye mdoli wa tatu kununuliwa mwaka ule. Bi Tatu alikuwa na homa. Alikuwa ametoka Tanga kwa basi, tairi likapasuka njiani, abiria wote wakalala porini, na yeye ndiye aliyewapikia ugali. Alikuwa hamtaki daktari wa kwanza kwa kuwa ana sindano kubwa, kwa hiyo anatafutiwa wa pili. Nikasema, kwa nia njema kabisa, kwamba nikija tena nitaleta betri mpya. Mtoto akamsogeza Bi Tatu upande wa pili, mbali na mimi. "Mamdogo, usimtie. Atasahau Kiswahili."

Nimekaa na maneno hayo kwa miezi. Na kuna jingine nililolisikia baadaye, nilipoanza kusikiliza vizuri. Zamani zile za betri mtoto alikuwa akisema "inaongea", "imegoma", "inacheka". Mdoli uliponyamaza ndipo mtoto akaanza kusema "anaumwa", "hataki uji", "amelala". Ngeli ilibadilika. Hakuna mtu mzima aliyemsahihisha. Alihamisha kitu kutoka upande wa vitu hadi upande wa watu pale tu kitu hicho kilipoacha kujisemea chenyewe na kumwachia yeye nafasi ya kukisemea.

Tunapolalamika kuhusu biashara na utoto, mara nyingi tunalalamikia hela: vitu vimekuwa ghali, watoto wanadai, wazazi wanaumia. Hiyo ni kweli lakini ni hasara ndogo. Kubwa zaidi ni ile kazi ya kuamua kitu hiki ni nini na kitatokea nini sasa. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto. Leo inafanywa kiwandani, inafungwa kwenye boksi, na anauziwa mtoto ikiwa imeshakwisha.

Kasikilize watoto wanaojipikilisha uani. "Eti mimi nilikuwa mama. Eti wewe baba, umetoka kazini. Eti hapa ndiyo jikoni." Wenzetu wa Kenya wanauita mchezo huo kalongolongo, na vifuniko vya soda vinavyogeuka sahani ni vilevile. Kwetu sisi watu wazima "eti" ni neno la shaka. Eti anaumwa, eti hana nauli. Tunalitumia kumwonyesha msikilizaji kwamba habari hii hatuidhamini. Mtoto amelichukua neno hilohilo akalipa nguvu nyingine. Akishalitamka, mchanga ni pilau, jani la mwembe ni noti ya elfu kumi, na jiwe lililofungwa kitambaa ni mtoto mchanga ambaye lazima ashikwe shingo vizuri. Hakuna aliyedanganywa. Wote wanajua ni mchanga, na ndiyo maana hakuna anayeumeza.

Tena "eti" hubishaniwa. Ukitega sikio utagundua kwamba karibu nusu ya mchezo ni majadiliano. "Sio hivyo, eti kwanza hukupiga hodi." "Sasa mbona baba hajaleta hela ya mboga?" "Basi eti alikuwa hajalipwa mshahara." Hapo kuna mtoto wa miaka minne anayejifunza kwamba nyumba ina taratibu, kwamba mwenzake naye ana wazo lake, na kwamba hadithi ya wawili haisongi mpaka wawili wakubaliane. Hakuna somo la maadili linaloifikia kazi hiyo, kwa sababu hapa adhabu ya ubinafsi ni ya papo kwa papo: wenzako wanaondoka na pilau lao.

Mwaka 1933 mwanasaikolojia Lev Vygotsky alitoa mhadhara kuhusu mchezo huko Leningrad. Mfano wake mkuu ulikuwa fimbo anayoipanda mtoto kama farasi. Mtoto mdogo sana, alieleza, anatawaliwa na kile anachokiona: mlango unamwita aufungue, ngazi zinamwita azipande. Katika mchezo wa kuigiza ndipo, kwa mara ya kwanza, maana inabanduka kutoka kwenye kitu. Fimbo bado ni fimbo mkononi lakini ni farasi akilini, na mtoto anaweza kuvishika vyote viwili kwa pamoja. Baada ya hapo ndipo inawezekana mstari wenye nundu uwe sauti "b", na alama mbili za kalamu ziwe hesabu ya mbuzi wa babu. Mzazi anayemnyang'anya mtoto mchezo ili awahi kusoma anakata mti aliotaka kuupanda.

Vygotsky alisema jambo jingine ambalo ni nadra kurudiwa. Si kila kitu kinaweza kuwa chochote. Fimbo inafaa kuwa farasi kwa kuwa unaweza kuitia katikati ya miguu na kukimbia, postikadi haiwezi. Kwa hiyo umbo la kitu lina maana. Kitu kizuri cha kuchezea kina mambo mawili: kinauruhusu mwili ufanye jambo, na kinaacha pengo ambalo mtoto atalijaza.

Wazee wetu walilijua hilo pengo. Wazaramo wa pwani hii yetu walichonga mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyokuwa akipewa mwari wakati wa kuwekwa ndani. Haikuwa ya kuchezea, lilikuwa jambo zito la unyago, na sitaki kulifanya jepesi. Lakini itazame ilivyo katika makumbusho: kiwiliwili ni kama mche mnene, hakina mikono wala miguu, uso umedokezwa tu, juu kuna kishungi. Mwari aliitunza kama mwanawe. Fundi aliyeweza kuchonga mwili mzima aliamua kuishia hapo, na sehemu iliyobaki akamwachia msichana.

Sasa weka mwana hiti kando ya mdoli wangu wa mtaa wa Kongo. Wa kwangu una kope, hereni, viatu, sauti, lugha, na jina lililoandikwa kwenye boksi. Kila pengo limezibwa. Sababu yake si ubaya wa moyo wa aliyeutengeneza. Kitu chenye mapengo hakiishi haraka, na kisichoisha haraka hakimrudishi mnunuzi dukani. Tena fimbo haina mwenyewe. Farasi aliyetoka kwenye fimbo ni wa mtoto, hauzwi na hahitaji toleo la pili. Ili mchezo uuzike, hadithi lazima iwe na mmiliki.

Hadithi zilipataje wamiliki? Hilo lina historia, na sehemu kubwa yake imeandikwa Marekani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni za midoli huko zilitangaza zaidi karibu na Krismasi, na walengwa walikuwa wazazi. Mwaka 1955 Mattel walikubali kulipia matangazo ya mwaka mzima, wiki 52, katika kipindi cha watoto cha Disney kwenye televisheni ya ABC. Kuanzia hapo muuzaji aliongea na mtoto mwenyewe, kila wiki, mzazi akiwa jikoni. Miaka minne baadaye kampuni hiyohiyo ikamtoa Barbie.

Mwaka 1978 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ilipendekeza kuzuia matangazo ya televisheni yanayolenga watoto wadogo mno kuelewa kwamba tangazo lina nia ya kuuza. Hoja ilikuwa nyepesi: mtoto wa miaka mitano hajui kwamba anauziwa, kwa hiyo kumuuzia ni kumwonea. Makampuni yalikuja juu, na mwaka 1980 Bunge lao likaipunguzia tume hiyo mamlaka. Mwaka 1984 tume ya mawasiliano nayo ikaondoa vikomo vya dakika za matangazo katika vipindi vya watoto. Katika miaka ileile zilimiminika katuni zilizotungwa kwa ajili ya midoli iliyokwisha kubuniwa. Mdoli ulitangulia, hadithi ikafuata kuuza mdoli. Mtoto aliyetazama katuni asubuhi alijua tayari nani mwema, nani mwovu, upanga unashikwaje na neno gani linatamkwa ukiuinua. Akiupata ule mdoli, alichobaki nacho ni kukariri. Sheria ya mwaka 1990 ilirudisha vikomo kidogo, dakika 12 kwa saa siku za kazi na dakika 10 na nusu mwisho wa juma, lakini tabia ilikuwa imeshajengeka.

Wengine walichagua njia tofauti. Uswidi ilipiga marufuku matangazo ya televisheni yanayolenga watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1991. Jimbo la Quebec, Kanada, lilizuia matangazo kwa watoto wa chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Kampuni moja ya midoli, Irwin Toy, ikaenda mahakamani ikidai uhuru wake wa kujieleza umeminywa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba uhuru huo umeminywa kweli, lakini kwa sababu halali: kuwalinda watu wasioweza kujilinda dhidi ya ushawishi. Naurejea uamuzi huo kila ninapoambiwa kwamba matangazo ni suala la mzazi kuzima televisheni tu.

Televisheni yenyewe sasa imehamia kiganjani. Nyumba nyingi hapa mjini mtoto hatulizwi tena kwa hadithi wala kwa wimbo, anapewa simu. Na katika simu kuna aina ya video ambayo mtu wa kizazi changu huchukua muda kuielewa: mtoto wa nchi nyingine anafungua maboksi ya midoli. Anafungua, anashangaa, anafungua jingine. Watoto wetu wanaitazama kwa saa nzima. Nimejiuliza mara nyingi wanachokiona humo, na nadhani wanaona ile dakika moja tamu zaidi ya kununua, dakika ya kufungua, ikirudiwa bila kufika kwenye kucheza. Mchezo wenyewe umekatwa. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi, taarifa zilizotumika kuwalenga kwa matangazo. Mtoto wa Tabata au wa Kisumu anayetazama video zilezile kwa bando la mama yake hakuwa na tume wala mahakama iliyomsimamia.

Ningependa kusema kwamba sisi ni wahanga tu wa mambo ya mbali, lakini nisingekuwa mkweli. Tumeshiriki. Tumefanya kopo lililotobolewa na kutiwa magurudumu ya kandambili kuwa aibu. Nimemsikia mama, mtu mwenye upendo mwingi, akimwambia mwanawe mbele ya wageni: "Tupa huo uchafu, nitakununulia gari." Gari lile la kopo lilikuwa na usukani wa waya mrefu hadi kifuani, ukikata kona magurudumu ya mbele yanakata kweli. Mtoto wa miaka minane alikuwa ametatua jambo ambalo wahandisi wanalisomea, na hukumu aliyopewa ni uchafu. Gari alilonunuliwa linakwenda lenyewe, linawaka taa, linagonga ukuta na kugeuka. Yeye anasimama na kulitazama.

Tumeshiriki pia kwa kuwanyima muda. Mtoto wa chekechea anaamshwa gizani kuwahi basi la shule, anarudi jioni na daftari la mazoezi, Jumamosi ana tuisheni. Mahafali ya chekechea yana majoho. Haya yote tunayalipia, na tunayalipia kwa sababu tunaogopa mtoto wetu atabaki nyuma. Walimu wa elimu ya awali waliofunzwa vizuri wanajua kuandaa kona ya nyumbani darasani, yenye sufuria kuukuu, kanga na maboksi, mahali ambapo mtoto anajifunza kwa kuigiza. Waulize ni wazazi wangapi wanaoipenda kona hiyo. Wengi wanataka kuona daftari limejaa.

Nafasi nayo imekwenda. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaweza kukuonyesha mahali palipokuwa na uwanja na leo pana fremu za maduka. Kombolela inahitaji kona za kujifichia, rede inahitaji upana wa kurusha mpira, tiara inahitaji anga isiyo na nyaya. Kisha katikati ya jiji lililokosa uwanja anatokea mfanyabiashara mwenye bembea za plastiki na mahema ya kurukia, kiingilio kwa nusu saa. Sina ugomvi naye. Lakini mchezo uliokuwa wa bure sasa una tiketi, na mtoto asiye na tiketi anasimama nje ya uzio.

Najua nitajibiwa nini, na ni jibu la haki. Nitaambiwa kwamba ninasifia umaskini; kwamba mtoto aliyetengeneza gari la kopo alilitengeneza kwa kukosa, na angepewa la dukani angelichukua mbio. Ni kweli angelichukua. Mimi mwenyewe utotoni nilimtamani mdoli wa rafiki yangu hadi nikamwota. Sitaki mtoto yeyote anyimwe kitu kizuri ili sisi tulioshiba tufurahie ubunifu wake. Mpira wa ngozi ni bora kuliko wa makaratasi. Matofali ya plastiki ya kuunganisha ni kitu kizuri mno cha kuchezea, na yametoka kiwandani. Ninachokipima ni pengo. Tena wingi nao unaziba pengo: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwapa watoto wadogo 36 vitu vya kuchezea, safari moja vinne, safari nyingine kumi na sita. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Hata huko kwenye maduka makubwa ya midoli kuna watu wanaolikumbuka hili. Jumba la Kitaifa la Heshima za Midoli lililoko Rochester, New York, liliingiza boksi tupu la karatasi ngumu mwaka 2005, na mwaka 2008 likaingiza kijiti.

Kwa hiyo nadai nini? Kwanza, tuisome sheria yetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inataja mchezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kuwa wajibu wa mzazi au mlezi. Orodha moja. Mwenyekiti wa mtaa anayekaa kimya uwanja unapopimwa kuwa fremu ananyamazia kitu kilichoandikwa jirani na chakula. Pili, wasimamizi wa matangazo wa nchi zetu waweke umri ambao chini yake mtoto hatangaziwi, kama Quebec walivyofanya, na wauweke kwa simu pia. Haitakuwa rahisi kwa video zinazotoka ng'ambo. Hata hivyo kampuni zinazouza juisi, biskuti na bando hapa hapa zinaweza kubanwa kesho.

La tatu ni la gharama ndogo kuliko yote na linanigusa zaidi. Mwaka 1943, Denmark ikiwa mikononi mwa Wajerumani, palifunguliwa uwanja wa michezo Emdrup, Copenhagen, uliojaa mbao, matofali na mabaki ya vitu. Wazo lilikuwa la mbunifu wa mandhari Carl Theodor Sørensen, aliyeona kwamba watoto waliziacha bustani alizozipanga vizuri na kwenda kucheza kwenye viwanja vya ujenzi na majalala. Badala ya kuwafukuza, alipendekeza wapewe mahali penye vitu hivyo, na mtu mzima wa kuangalia asiumie mtu. Nchi nyingine zimeiga. Sisi tuna vitu hivyo bila kuviagiza: matairi, mbao za makreti, mabomba, vifuu, kamba za katani. Kinachokosekana ni kipande cha ardhi na mtu mmoja anayelipwa kukaa pale jioni bila kuwaamuru watoto wafanye nini.

Nyuma ya nyumba ya dada yangu kulikuwa na kiwanja kama hicho, japo hakuna aliyekipa jina. Mwezi uliopita lori lilimwaga mchanga na kokoto. Zinajengwa fremu sita. Jioni moja nilipita nikakuta chungu la mchanga limegeuzwa kituo cha mabasi. Kulikuwa na konda wa miaka saba anayedai nauli kwa ukali, abiria waliojipanga juu ya matofali, na Bi Tatu kwenye kiti cha mbele, amefungwa kanga, anarudi Tanga. Fundi alikuwa amekaa pembeni akinywa chai. Nilimuuliza mbona hawafukuzi. Akasema mchanga anauhitaji kesho asubuhi, leo bado ni wao.